Mwaka Ambao Maziwa Yalikataa Kuganda

Mama yangu aliuza maziwa Katoyi, mtaa wa Goma, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mbao, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu ya maziwa yaliyoganda vizuri husimama kama mtu aliyeitwa. Huwa si yeye. Mama hayupo tena, na harufu yenyewe siyo ile. Lakini miguu haijajifunza, na mimi nimeacha kuigombeza.

Aliuza mashanza, yale maziwa mazito yenye ukali kidogo ambayo kwetu mtu huyanywa asubuhi na mandazi, au jioni na viazi vya kuchemsha. Mabenchi mawili, vikombe vya plastiki, na kibuyu kirefu chenye shingo iliyopinda. Kibuyu hicho hakikumalizwa hata siku moja. Kila jioni mama aliacha kiasi kidogo kitakoni, kisha akamimina juu yake maziwa mabichi yaliyoshuka kutoka milimani kwa pikipiki, akaziba mdomo, akakiacha kilale. Asubuhi maziwa yalikuwa yameganda. Kile kidogo kilichobaki tulikiita mama ya maziwa. Bila mama hakuna mtoto, alitueleza hivyo tulipokuwa wadogo na tulipotaka kulamba mpaka mwisho.

Kibuyu hakikuguswa na sabuni. Mara moja moja mama alihamishia ile mama ya maziwa kwenye kikombe cha mti, akakifukiza kibuyu kwa moshi wa nyasi alizozijua yeye, akairudisha. Ndivyo alivyofanya bibi yangu huko Masisi, na mama wa bibi kabla yake. Sisi ni watu wa ng'ombe, hata kama ng'ombe wenyewe waliliwa zamani na watu wenye bunduki.

Vita vilipowashusha kutoka kilimani, mama na dada yake mkubwa walikimbia pamoja, mimi nikiwa mgongoni. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Kati ya vitu vyote vya nyumba ile mama alibeba mtoto na kibuyu, na baba alipokuwa hai alipenda kumtania kwamba hajui ni kipi alikichukua kwanza. Walipofika Sake wakagawana ile mama ya maziwa: nusu ikabaki kibuyuni, nusu ikaingia kwenye chupa ya mama mkubwa, ambaye aliendelea mpaka ng'ambo, Gisenyi ya Rwanda, kwa ndugu za mume wake. Mama akaishia Goma. Mimi kilima sikikumbuki kabisa. Watu wazima walipokaa kusema juu ya nyumbani, na macho yao kwenda mbali, mimi nilitazama kibuyu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumbani niliyoweza kuinyoshea kidole.

Mama mkubwa alikuwa anavuka bariyeri ndogo, kivuko cha mpakani, kila Alhamisi. Anakuja na karoti au kipande cha sabuni, anaketi kwenye benchi la ndani, anapewa kikombe. Mama hakwenda kwake isipokuwa kwa msiba, maana nani angebaki na maziwa? Basi walikaa pale wakizungumza Kinyarwanda cha kilimani, kile cha taratibu, na kucheka watu ambao walikwisha kufa. Nilizipenda Alhamisi hizo kuliko Krismasi.

Kisha ikaja corona, na mpaka ukafungwa.

Mwaka ule mimi nilipata kazi ambayo mpaka sasa sijui niionee fahari au haya. Ofisi moja huko Himbi, yenye ukuta mrefu na bustani inayomwagiliwa hata siku ya mvua, ilitaka kujua wafanyabiashara wadogo wa Goma wanajikimu vipi. Tuliitwa maanketeri, yaani wahoji. Tulipewa simu yenye maswali, fulana, na barakoa ambayo watu wote waliiita kashene. Msimamizi wetu alikuwa kijana kutoka Kinshasa, mpole, mwenye Kiswahili cha kubahatisha, ambaye aliamini kwamba kila jambo duniani lina kisanduku chake. Sikumchukia. Ila kila nilipotoka kwenye mafunzo yake nilihisi njaa.

Swali kubwa lilikuwa hili: umechukua mkakati gani kukabiliana na hali hii? Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua. Nikazunguka na hilo swali kwenye mawe meusi ya mtaa baada ya mtaa. Fundi cherehani alikuwa ameacha magauni ya harusi na kushona kashene kutoka kwenye mabaki ya vitenge. Msusi alikuwa amefunga saluni na kutembea na vitana mkobani, akisuka watu majumbani kwao milango ikiwa imefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wabichi wa Vitshumbi sasa aliuza wa chumvi tu, kwa sababu mbichi hawezi kumsubiri mnunuzi anayeogopa kutoka.

Wengine, walio wengi, walinitazama kwanza kama mtu aliyeuliza maji yana rangi gani.

"Mukakati?" aliniambia muuza unga mmoja. "Tunakula mutaji, mutoto yangu. Ile ndiyo mukakati."

Kula mtaji halikuwa jibu kwenye simu. Nilibonyeza "nyingine" mpaka kidole kikauma, na jioni msimamizi akaniuliza kwa upole kwa nini watu wangu wote ni "nyingine". Nilimwambia ndivyo tulivyo.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanapungua. Maziwa yaliendelea kushuka, machache, lakini benchi la nje lilibaki na mtu mmoja au wawili. Mwanzoni tulidhani ni ukata. Kumbe lilikuwa neno lililokuwa likipita mtaani. Fundi baiskeli, mteja wetu wa miaka na miaka, ndiye aliyepata ujasiri wa kulisema mbele ya mama.

"Mama, miye nakuheshimu sana. Lakini batu banasema ile kibuyu haijaoshwa tangu vita. Na sasa hii magonjwa..."

"Imefukizwa," mama akasema.

"Miye najua. Batu ndio habajui."

Lazima mtu aelewe Goma ya wakati ule. Tulikuwa tumetoka kwenye Ebola, na Ebola ilikuwa imetufundisha somo moja tu, lakini ilitufundisha sawasawa: maji ya klori. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, na mtu ambaye mikono yake haikunuka hospitali alitiliwa shaka. Mtoto wa Goma alijua kupima klori kabla hajajua kupima chumvi. Mama naye alikuwa na ndoo yake mlangoni, nyeupe, yenye kifuniko cha buluu, na aliisimamia kwa ukali wa polisi.

Asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa Himbi, mama alikitoa kibuyu nje. Haya nilisimuliwa na yeye mwenyewe na majirani, na hawatofautiani. Alingoja mpaka watu wa kutosha wawepo barabarani. Akahamisha mama ya maziwa kwenye kikombe cha mti, ambacho nacho alikuwa amekichovya kwenye ndoo, pamoja na kijiko na kizibo, ili mtu asipate la kusema. Kisha akajaza kibuyu maji ya klori, akakitikisa, akayamwaga kwenye mawe, akajaza tena. Alikisugua ndani kwa fimbo iliyofungwa kitambaa. Watu walitazama. Fundi baiskeli akasema sasa ni safi kuliko kalisi ya padri. Wakacheka, wakaingia, na siku hiyo mabenchi yote mawili yalijaa; maziwa ya jana yaliyokuwa kwenye ndoo ya kuuzia yakaisha kabla ya adhuhuri.

Jioni alimimina maziwa mapya juu ya ile mama, kama kawaida.

Asubuhi hayakuwa yameganda. Yalikuwa mepesi, yenye rangi ya kuelekea buluu, na harufu ya wodi. Mama akasema ni baridi ya usiku. Akajaribu tena, akakifunika kibuyu kwa blanketi lake mwenyewe. Yakaoza badala ya kuganda. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi chini sakafuni, kibuyu mapajani, shingo ya kibuyu imeegemea bega lake.

"Nimemuua," akasema.

Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilikasirika, sijui kwa nani: kwa fundi baiskeli, kwa ndoo, kwa ugonjwa ambao hatukuuona hata usoni. Mwanamke aliyekivusha kibuyu kile katikati ya risasi alikuwa amekiharibu kwa kutaka kuwapendeza wateja. Kama angekuwa mtu mwingine ningecheka.

Majirani walikuja na ushauri, maana ushauri haukuwa umeadimika. Kulikuwa na mama mwingine muuza maziwa upande wa juu wa Katoyi, mtu mwema, akaleta kikombe cha mama yake ya maziwa amekifunika kwa sahani. Mama alimshukuru, akampikia chai, na alipoondoka akakigawa kikombe kile kwa watoto wa jirani wakanywa.

"Ile ni maziwa ya kwao," aliniambia. "Sikukimbia na ya kwao."

Akafunga chumba cha mbele. Pikipiki ya maziwa ilipita bila kusimama.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na sote tulikijua. Nusu nyingine ya mama ya maziwa ya bibi ilikuwa hai Gisenyi, jikoni kwa mama mkubwa, mahali ambapo kutoka bariyeri unaweza kuona mabati yake kama una macho mazuri. Alimpigia simu. Niliisikia sauti ya mama mkubwa ikitoka kubwa na ya furaha: "Yangu iko, mudogo wangu, iko muzima. Kuya uchukue!" Alikuwa amesahau kwamba mpaka umefungwa. Watu wa pande zile mbili tulisahau mara nyingi mwaka ule. Unasema kesho nitakuja, halafu unakumbuka.

Mama akaanza kukifukiza kibuyu kila asubuhi, kitupu, kuondoa harufu ya klori. Moshi ulijaa nyumba nzima. Nilienda kazini nikinuka kama mtu wa kilimani, na msimamizi wangu aliniuliza kama tunapikia kuni.

Nilipangiwa eneo la karibu na bariyeri ndogo. Huko nilimhoji mama mmoja wa vitunguu, mnene, mwenye kicheko cha kukohoa kilichowafanya watu wasogee pembeni. Nilimuuliza swali langu la mkakati, nikiwa tayari na kidole juu ya "nyingine".

"Tunagrupé," akasema. "Ule wa ng'ambo anakusanya vitunguu vya bamama bote ku kamio moja. Kamio inavuka na shofere, bamama banabaki. Huku sisi tunapokea, tunagawana. Batu habapite, lakini vitu vinapita. Inaonekana kitunguu haishikake corona."

Nikaandika. Jibu hilo lilikuwa na kisanduku chake, kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilimaliza maswali yote, nikamshukuru kwa jina la ofisi kama tulivyofundishwa, nikaingiza simu mkobani. Kisha nikamuuliza langu.

"Mama, na maziwa kidogo inaweza kupita?"

"Maziwa ya kuuza?"

"Hapana. Ya kuanzishia ingine."

Alinitazama muda mrefu juu ya kashene yake. Yeye alikuwa Mnande, watu wake si watu wa maziwa, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliniuliza ni ya nani, nikamweleza. Akasema mama yake alikuwa na mbegu za maharage za namna hiyo, na kwamba zilipotea walipokimbia. Akaniandikia namba ya mwenzake wa ng'ambo mkononi kwa kalamu ya bik, nami nikampa mama mkubwa.

Siku ambayo lori lilitakiwa kuvuka halikuvuka. Na iliyofuata pia. Karatasi fulani ilikuwa haijagongwa muhuri, na mama mkubwa akapiga simu akisema ameirudisha mama ya maziwa nyumbani na kuilisha upya isije ikafa njiani. Mama aliacha kula jioni. Alisema hana hamu. Alikaa mlangoni akitazama barabara, kana kwamba lori la vitunguu la bariyeri lingepita Katoyi kumsalimia.

Lilipovuka hatimaye, nilikwenda mwenyewe. Mama wa vitunguu alinyosha mkono katikati ya magunia akatoa kibido kidogo cha njano, yaani kidumu, kilichofungwa kwa majani ya kabeji kuzuia joto, na juu ya kabeji kitambaa cha kitenge. Kibido kilikuwa kimevimba. Nilikipakata njia nzima kwenye pikipiki, nikimwambia dereva apunguze kila penye jiwe, na hapa kwetu kila mahali pana jiwe.

Mama hakukifungua mara moja. Alikifungua kitambaa kwanza, akakiweka puani, akakaa nacho hivyo. Kilikuwa kipande cha kitenge cha dada yake, kile alichozoea kuvaa akija Alhamisi. Hapo ndipo alipolia, siyo siku ya kibuyu.

Jioni ile alinunua maziwa mabichi mengi kuliko busara. Akamimina, akaziba, akakilaza kibuyu mahali pake. Sidhani kama alilala. Asubuhi habari ilikuwa imekwisha kusambaa, na fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kwenye benchi, kwa aibu yake yote, ameleta mandazi ya kila mtu.

Mama alikiinamisha kibuyu. Maziwa yakatoka polepole, mazito, kwa ile sauti ya kuanguka vipande vipande ambayo sisi wa nyumba ile tuliijua tangu utotoni. Watu wakapumua. Mama akachukua kijiko, akaonja, akayaweka mdomoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imeganda," akasema. Akaanza kugawa.

Siku hiyo tuliuza mpaka tukabakiwa na kile kidogo cha kitakoni. Jioni nilimkuta jikoni ameshika kikombe kisichoguswa.

"Haya ni maziwa ya yaya," aliniambia kwa sauti ya chini; ndivyo alivyomwita dada yake. "Ni mazuri. Lakini si ya mama."

Nikayaonja. Yalikuwa laini, matamu kidogo, hayana ule ukali wa mwisho unaovuta masikio. Nikaelewa kilichotokea. Miaka yote ile katika nyumba nyingine, maziwa ya ng'ombe wengine, moshi wa nyasi nyingine, mikono mingine. Ile nusu ya ng'ambo ilikuwa imekuwa mtu wa huko. Na iliyobaki kuwa ya bibi ilikuwa yetu, na tuliiua kwenye mawe ya Katoyi mbele ya watu wakishangilia. Nilitamani ukali ule kama mtoto anavyotamani kubebwa. Bado nautamani. Watu husema kwamba walipoteza nyumbani vitani. Mimi nyumbani kwangu kulipotea asubuhi moja ya amani, kwa klori, na sikuwepo.

Simu ililia. Mama mkubwa alitaka kujua.

"Imekuwa, yaya," mama alimjibu, akinitazama machoni ili ninyamaze. "Ni ile ile."

Miezi ilipita na ofisi ya Himbi ikatutuma tena, duru ya pili. Sikuruhusiwa kumhoji mama yangu, basi msimamizi alikuja mwenyewe. Alikunywa vikombe viwili, akapanguza midomo, akasema hajawahi kunywa kitu kama kile Kinshasa. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kama biashara imerudi jinsi ilivyokuwa kabla.

"Imerudi, mutoto yangu," mama akasema. "Unaona, batu bako banakunywa."

Naye akabonyeza, akafurahi kweli, kwa sababu alikuwa mtu mwenye roho nzuri na jibu lilikuwa na kisanduku.

Mpaka ulipofunguliwa, mama mkubwa alivuka Alhamisi ya kwanza. Alikuwa amekonda, na alikuwa na fimbo ambayo hatukuijua. Walishikana mlangoni, kashene zao zikashuka shingoni, hakuna aliyekumbuka ndoo. Akaketi kwenye benchi lake la ndani. Mama akampa kikombe kwa mikono miwili, kama walivyosimulia kwamba bibi alikuwa akimpa mgeni.

Mama mkubwa akanywa. Akafumba macho, na machozi yakamtoka chini ya kope.

"Unasikia?" akamwambia mama. "Na vita yote, na njia yote. Haikubadilika hata kidogo. Hii ndiyo ya mama."

"Ndiyo, yaya," mama akasema.

Akamwongezea kikombe, akaketi karibu naye, wakaanza kucheka watu wao waliokufa. Mama mwenyewe alikuwa anakunywa chai ya rangi.